Palermo: Mshindi Alilipa, Mshindwa Alijenga

Vitabu vingi vya wasafiri huinadi Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia, kwa hadithi moja. Inasema kwamba katika karne ya 12 Waislamu, Wakristo na Wayahudi waliishi hapa kama ndugu chini ya wafalme wa Kinormani wenye moyo mkunjufu, na kwamba makanisa na majumba yaliyobaki ni ushahidi wa udugu huo. Mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza majengo tisa katika orodha ya urithi wa dunia, saba yakiwa Palermo kwenyewe na mawili yakiwa makanisa makuu ya Monreale na Cefalù, na tangu hapo hadithi imezidi kunawiri. Ina ukweli ndani yake, lakini mgeni anayeimeza nzima ataondoka amepiga picha nyingi bila kuuelewa mji. Ushauri wangu ni kuingia katika kila jengo na maswali mawili: nani alilipa, na nani alifanya kazi? Palermo majibu hayo mawili ni nadra kulingana, na pengo lililo kati yake ndilo linalostahili nauli ya kwenda huko.

Karne za mwanzo tuzipite haraka, kwa kuwa mgeni ataona alama zake chache. Wafoinike waliianzisha bandari, Warumi wakaitwaa mwaka 254 KK, Wabizanti wakaja baadaye. Mwaka 831 jeshi la Waislamu kutoka Tunisia ya leo liliuteka mji, na watawala wapya wakaufanya makao makuu ya kisiwa badala ya Siracusa. Walileta miwa, malimau na machungwa machungu, pamoja na ujuzi wa kuchimba mifereji chini ya ardhi ya kusafirishia maji. Ibn Hawqal, mfanyabiashara msafiri aliyefika mwaka 973, aliandika kwamba mji ulikuwa na misikiti kama 300. Hata tukipunguza hesabu hiyo kwa nusu, Palermo ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Kiislamu ya Mediterania. Wanormani walipoiteka mwaka 1072 walijikuta wachache mno mbele ya raia wengi wanaosema Kiarabu na Kigiriki. Hawakuwa na makarani wa kusoma daftari za kodi, wala wajenzi wa kujenga ikulu ya kumtisha balozi wa Konstantinopoli. Wakawabakiza waliokuwepo. Hapo ndipo uvumilivu wao ulipoanzia.

Anza na Zisa, ingawa wengi huiacha mwisho au kuiruka. Iko nje ya mji wa kale, mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa miguu kutoka kanisa kuu, na humo hakuna msongamano wa watu. Ni jumba la mapumziko lililoanzwa na mfalme William wa Kwanza mwaka 1165 na kumaliziwa na mwanawe, William wa Pili. Simama katika ukumbi wa chini: maji yalitoka ukutani, yakateremka juu ya marumaru na kupita katika mfereji sakafuni kuelekea bwawa la nje, na upepo wa bahari ulipoingia kwenye matao matatu ya mbele ukapoa kwa maji hayo. Juu ya chemchemi dari imechongwa vijipango vidogo vidogo vilivyopandana, kazi ambayo mtu angetegemea kuiona Cairo au Afrika Kaskazini. Yupo atakayepinga kwamba si haki kuiita kazi ya Waarabu wakati mwenye nyumba alikuwa mfalme Mkristo. Pingamizi hilo lina uzito, tena lina nguvu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu Palermo haina hata msikiti mmoja wa enzi ya Waislamu uliobaki umesimama. Kila jengo la “Kiarabu” utakaloonyeshwa lilijengwa baada ya Waarabu kushindwa. Walioshindwa walifanywa mafundi wa washindi, na tusingejua ubora wa kazi yao kama washindi wasingetaka kuishi kifalme.

Kutoka Zisa rudi mjini hadi ikulu ya Wanormani, ambayo leo ni makao ya bunge la Sisilia. Kwa sababu hiyo vyumba vya kifalme kwa kawaida hufungwa Jumanne hadi Alhamisi, basi panga siku yako sawasawa; na Jumapili asubuhi kanisa huwa na misa. Nenda mapema mlango unapofunguliwa, funika mabega, na ukiweza beba darubini ndogo. Darubini ni ya Cappella Palatina, kanisa la ndani ya ikulu alilolijenga Roger wa Pili, aliyetawazwa kuwa mfalme Krismasi ya mwaka 1130. Kuta zake zimejaa mozaiki za dhahabu za mtindo wa Kibizanti, na watu husimama wamekodoa macho hapo wakasahau kuangalia juu. Dari ni ya mbao, imechongwa kwa namna ileile ya vijipango na kupakwa rangi na mafundi wa Kiislamu. Wamo wanamuziki, wanywaji, wachezaji wa sataranji na wacheza ngoma, na kandokando maandishi ya Kikufi yanayomtakia mfalme heri na afya. Ibada ilikuwa ya Kilatini, kuta za Kigiriki, dari ya Kiarabu. Wengi huuita mchanganyiko huo mapatano ya dini. Mimi naona orodha ya vitu ambavyo mfalme mgeni alivihitaji ili watu wa aina tatu wakubali kwamba yeye ni mfalme.

Katika ikulu hiyohiyo ndimo mwanajiografia al-Idrisi alimofanyia kazi Roger kwa miaka, akikusanya habari za mabaharia na wafanyabiashara, akachora ramani ya dunia juu ya bamba la fedha na kuandika kitabu alichokimaliza mwaka 1154. Bamba limepotea ila kitabu kipo, na Malindi na Mombasa zimo ndani yake, pamoja na habari za uwindaji na uchimbaji wa chuma katika nchi ya Zinji. Al-Idrisi hakufika pwani yetu. Hata hivyo, anayetafuta habari za kale za miji hiyo miwili kwa majina yake hana budi kupita Palermo, kwa sababu mfalme wa huko alitaka kujua dunia na aliyeweza kumwandikia alikuwa Mwislamu.

Mashaka yakibaki, nenda Martorana, katika uwanja wa Bellini. Kanisa hili lililipiwa na George wa Antiokia, Mkristo wa Mashariki aliyewahi kuwatumikia watawala wa Mahdia kabla ya kuwa amiri wa majeshi ya majini ya Roger. Tafuta mozaiki inayomwonyesha Kristo akimvika Roger taji. Roger amevaa kama mfalme wa Konstantinopoli, na jina lake limeandikwa kwa herufi za Kigiriki. Mwaka 1147 amiri huyohuyo aliongoza meli kwenda Ugiriki, akapora Thebes na Korintho, na miongoni mwa mateka waliorudishwa Palermo walikuwamo wafumaji wa hariri, wakawekwa katika karakana ya mfalme. Hivyo ndivyo ustadi ulivyokuwa ukihamia Palermo, mara kwa mshahara, mara kwa minyororo. Joho maarufu la Roger, lenye simba anayemwangusha ngamia na maandishi ya Kiarabu kwenye pindo, lilidariziwa Palermo kabla ya uvamizi huo. Lakini usilitafute huko, liko Vienna. Mlango wa pili kuna San Cataldo, lenye kuba tatu nyekundu. Ndani kuta ni mawe matupu, kwani hazikuwahi kupata mozaiki. Wengi hutoka baada ya dakika mbili. Kaa kidogo zaidi, maana hapa utauona mfupa wa jengo bila mapambo.

Watetezi wa hadithi tamu wana shahidi wao, tena shahidi mzuri: Ibn Jubayr, Mwislamu kutoka Andalusia ambaye meli yake ilipata ajali karibu na Messina mwishoni mwa mwaka 1184. Aliandika kwamba William wa Pili alisoma Kiarabu, alimwamini mpishi Mwislamu, na kwamba siku ya Krismasi wanawake wa Kikristo wa Palermo walitoka wamevaa na kujipaka hina kama wanawake wa Kiislamu. Yote hayo yamo. Lakini wanaomnukuu huishia ukurasa huo. Mbele kidogo anasimulia juu ya watumishi wa ikulu waliolazimika kuficha imani yao, na juu ya baba aliyekuwa tayari kumwoza binti yake kwa mmoja wa mahujaji, ilimradi msichana atoke kisiwani. Miaka 23 kabla yake, katika uasi wa mwaka 1161, Waislamu wa Palermo waliuawa mitaani. Mfalme alipofariki mwaka 1189 waliuawa tena, na walionusurika wengi wakakimbilia milimani. Heshima ya ikulu haikuvuka ukuta wa ikulu.

Kanisa kuu linakupa mwisho wa kisa hicho, na kuingia sehemu kubwa yake ni bure. Kabla ya kuingia kupitia ukumbi wa kusini, angalia nguzo ya mkono wa kushoto: imechongwa aya ya Qurani kutoka sura ya al-A‘raf. Mahali hapa palikuwa na kanisa, likageuzwa msikiti, msikiti ukarudishwa kuwa kanisa, na nguzo ikabaki. Ndani, katika jeneza la jiwe jekundu, amelala Frederick wa Pili, mjukuu wa Roger, ambaye husifiwa kwa kuwapenda wanazuoni wa Kiarabu. Ndiye aliyewahamisha kwa nguvu Waislamu wa Sisilia, kuanzia miaka ya 1220, hadi Lucera upande wa bara. Mwaka 1300 mfalme mwingine aliivunja jumuiya hiyo ya Lucera na kuwauza watu wake utumwani.

Yupo atakayeuliza kwa nini basi tusafiri kwenda kutazama unyonge wa watu. Jibu langu ni kwamba hoja hii haiufanyi mji kuwa mbaya, na nisingependa kuivuta kupita uwezo wake. Karne ya 12 haikuwa na watawala wengi waliotunza daftari kwa lugha tatu. Tena kuna kitu kidogo ambacho maelezo ya nguvu za ikulu hayakitoshelezi. Katika makumbusho ya Zisa lipo jiwe la kaburi la mwaka 1149, ambalo kasisi wa mfalme, Grisandus, alimwekea mama yake Anna. Limeandikwa kwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kila maandishi yakitumia kalenda ya watu wake. Kasisi hakuwa na haja ya kumtisha balozi yeyote. Alitaka majirani wote wasome jina la mama yake. Ukiwa na muda wa kitu kimoja tu Palermo, ningekupeleka kwenye jiwe hilo kabla ya dhahabu ya Monreale. Lakini usiikose Monreale: panda basi namba 389 kutoka uwanja wa Indipendenza, utakuta zaidi ya mita za mraba 6,000 za mozaiki.

Karne za Wahispania ziliacha njia panda ya Quattro Canti, iliyojengwa kati ya 1608 na 1620, na makanisa ya kibaroki yasiyokwisha, machache yatakutosha. Lakini Palazzo Steri usiiache. Baraza la Inkwizisheni lilikaa humo hadi lilipofutwa mwaka 1782, na kuta za mahabusu bado zina michoro na sala za wafungwa. Huingii bila kiongozi, kwa hiyo ulizia saa za ziara mapema.

Sasa mambo ya safari. Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi mizuri; Julai na Agosti jua linaunguza na maduka mengi hufungwa mchana. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda atahitaji viza ya Schengen. Uwanja wa ndege uko Punta Raisi, kama kilomita 35 kutoka mjini, na treni au basi litakufikisha stesheni kuu. Umepewa majina ya mahakimu Giovanni Falcone na Paolo Borsellino, waliouawa na mafia mwaka 1992, na ukija kwa barabara utapita Capaci, mahali Falcone, mkewe na walinzi wao watatu walipolipuliwa. Ni kweli mji ulibadilika sana baada ya hapo, na mtalii wa leo anapaswa kumwogopa mchomoaji wa pochi kuliko mtu mwenye bunduki. Majengo mabovu ya zege utakayoyaona njiani ni alama nyingine ya mafia: katika miaka ya 1950 na 1960 wanasiasa na wakandarasi wao walibomoa majumba ya bustani na kugawana vibali.

Kula sokoni Ballarò asubuhi. Panelle ni vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, na aliyezoea bhajia za Mombasa hatahitaji maelezo. Mwislamu ajihadhari na mkate wa bandama, kwani hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Halafu tazama nani anauza. Ballarò na barabara ya Via Maqueda iliyo kando yake zimejaa maduka ya watu wa Bangladesh, Ghana, Nigeria na Gambia, na yale maswali mawili bado yanafaa hapa. Mwaka 1991 Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo, aliuawa kwa kukataa hadharani kuwalipa mafia. Mwaka 2016 wenye maduka wahamiaji wa Via Maqueda, wengi wao Wabangladeshi, walikwenda polisi kwa pamoja kuwataja waliokuwa wakiwatoza, na watu kumi wakakamatwa.