Surua Huambukiza Kabla ya Vipele

Kila asubuhi katika vilima vya Boito, akina mama hutoka na vikapu mgongoni kwenda kuchuma majani ya chai. Watoto wadogo huachwa pamoja kwa mlezi mmoja, na siku za mvua na baridi madirisha hufungwa. Katika nyumba ya namna hiyo, mtoto mmoja akiwa na surua, wenzake wasiochanjwa ni vigumu kuepukana nayo. Kwa hiyo yampasa kila mzazi kuujua ugonjwa huu vema.

UGONJWA WENYEWE

Surua huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mgonjwa akohoapo, virusi huweza kubaki hewani hata saa 2 baada ya yeye kuondoka. Watu 10 wasio na kinga wakikaa karibu naye, 9 huweza kuambukizwa.

Baada ya siku 10 hivi mtoto hushikwa na homa, mafua, kikohozi na macho mekundu. Siku chache baadaye vipele hutokea usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka mpaka miguuni. Wengi hudhani hatari huanza vipele vitokeapo. Sivyo. Mtoto huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele mpaka siku 4 baada yake. Basi mama asemaye, "Ni mafua tu," akampeleka kwa mlezi, huenda amekwisha kuwapelekea watoto wa jirani ugonjwa bila kujua.

KUMTUNZA MGONJWA

Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Lakini wengi wafao huuawa na magonjwa yafuatayo surua, hasa nimonia na kuhara. Na wengine hupofuka. Hayo yaweza kuzuiwa:

1. Mpeleke mtoto zahanati upesi. Mwarifu mwuguzi mlangoni, kabla hujaketi naye kati ya watoto wengine.

2. Huko atapewa vitamini A siku 2 mfululizo, ili kulinda macho na uhai wake.

3. Usimnyime maji wala chakula. Mpe uji na maziwa kidogo kidogo. Anyonyaye aendelee kunyonya.

4. Safisha macho kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitie majani wala dawa za kienyeji machoni.

5. Mlaze mbali na moshi wa jiko, mahali penye hewa safi.

Akipumua kwa haraka, akikataa kunywa, akishikwa na degedege au akiwa mzito kuamka, mkimbize hospitali, hata kama ni usiku.

KINGA

Mwaka 1954, huko Boston, Marekani, John Enders na Thomas Peebles walifaulu kuvipata virusi vya surua, na mwaka 1963 chanjo ikaidhinishwa. Nchini Kenya mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, wakati kinga aliyopewa na mama tumboni imekwisha kupungua, na tena akiwa na miezi 18. Sindano ya kwanza huwakinga watoto kama 85 katika kila 100. Ya pili huwafikia wengi wa wale waliobaki. Mzazi aiachaye ya pili huacha mlango wazi.

Basi, ndugu msomaji, leo jioni itazame kadi ya kliniki ya mwanao. Ikiwa sindano moja haikuandikwa, usingoje vipele vikukumbushe. Kinga ni bora kuliko tiba.