Somo: Mashini ya kusaga inasaidia watu, lakini nani anailipa?



Katika mafunzo ya biashara tuliulizwa: koperative yenu inafanya biashara ao inasaidia watu? Tulijibu haraka: inasaidia watu! Ndiyo maana bei yetu ya kusaga mihogo iko chini, wamama wasitembee mbali na mzigo kichwani. Mwalimu hakutupinga. Aliomba tu daftari ya mashini.

Hesabu ilienda hivi. Tuseme ndoo moja inasagwa kwa franka 500. Mazutu inakula 300. Msagaji pamoja na mafuta ya injini, 170. Inabaki 30, na sisi ile 30 tuliiita faida. Tulikuwa hata tunaigawanya.

Lakini mashini inachakaa. Kama ilinunuliwa franka 2.400.000 na itafanya kazi miaka 4, kila mwezi inapoteza franka 50.000. Tukisaga ndoo 1.000 kwa mwezi, ni franka 50 kwa kila ndoo. Kumbe ndoo moja inatugharimu 520! Tulikuwa tunakula mashini yenyewe, na siku ingekufa tungerudi kuomba kwa mfadhili. Hapo wote tulinyamaza.

Wamoja walitaka kupandisha bei kwa wote. Hapana. Mjane anayeleta ndoo moja ya kulisha watoto hawezi kulipa sawa na mchuuzi mwenye magunia ya kwenda sokoni. Tulipatana hivi: wajane na wazee 500, wanamemba wengine 550, wachuuzi 600. Kwa mjane tunapoteza 20, kwa mchuuzi tunapata 80. Ndoo moja ya mchuuzi inabeba ndoo 4 za wajane. Ndiyo ile wanaita biashara ya kijamii: msaada uko, lakini umeandikwa, na tunajua unatoka wapi. Mchuuzi atanung'unika, ni kweli. Akiona mashini haisimami ovyo, atarudi.

Zile franka 50 za uchakavu zisikae katika sanduku ya kila siku. Na faida ya kweli ikipatikana, sheria ya koperative ya OHADA, ambamo Kongo iliingia 2012, inaomba tutoe kwanza akiba, na sehemu ya mafunzo ya wanamemba, mbele ya kugawanya.

Kabla ya mkutano ujao, kila komite itafute: mashini ilinunuliwa bei gani, na mwezi uliopita ilisaga ndoo ngapi? Kama hamkuandika ndoo, muanze kesho asubuhi, hata kwa mistari ya makaa ukutani.