Ploti ya kwanza na kazi mpya: kipi kitangulie?

Karani mmoja analipwa Sh45,000 kwa mwezi. Ameona ploti ya Sh600,000 nje kidogo ya mji, na sacco ya kazini iko tayari kumkopesha pesa zote. Wiki hiyo hiyo anaitwa kwenye kampuni nyingine kwa mshahara wa Sh60,000. Huu ni mfano tu, lakini wakazi wengi walioajiriwa watajiona ndani yake.

Mkopo huo, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio na muda wa miezi 48, unadai takriban Sh15,800 kila mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote ya mshahara kuzidi thuluthi mbili, kwa hivyo karani lazima abakiwe na angalau Sh15,000. Kwa hesabu ya karatasi anafaulu. Hata hivyo, thuluthi hiyo ni kinga ya mwisho, si bajeti ya chakula, nauli na karo.

Kazi mpya yaonekana kumaliza tatizo. Lakini mwajiri anaweza kumweka katika kipindi cha majaribio cha hadi miezi sita, na kukiongeza hadi mwaka mmoja mfanyakazi akikubali. Katika kipindi hicho anaweza kuachishwa kazi kwa notisi ya siku saba pekee. Akishathibitishwa, mfanyakazi wa mshahara wa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Kwa hivyo Sh60,000 za miezi ya kwanza si imara kama Sh45,000 alizozizoea.

Kisha kuna wadhamini. Mara nyingi ni wenzake wa afisi ya zamani. Akihama, makato ya moja kwa moja hukoma na ni juu yake kupeleka malipo sacco. Akikwama, deni huanza kula akiba ya waliomdhamini, watu ambao hawakunufaika na mshahara mpya wala ploti. Jambo hili lafaa kuzungumzwa nao kabla ya fomu kutiwa sahihi.

Kwa karani huyu, busara ni kuhamia kazi mpya bila mkopo, kusubiri barua ya kuthibitishwa, ndipo akope. Muuzaji akikataa kungoja, ploti nyingine itapatikana.

Miezi hiyo isipite bure. Akipata nambari ya hati miliki, afanye upekuzi kwenye sajili ya ardhi, na mpimaji amwonyeshe mawe ya mipaka akiwa amesimama shambani. Muuzaji aliye na ndoa aulizwe idhini ya mwenzake kwa maandishi. Ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba uandikwe.

Aweke pia kando ushuru wa stempu: asilimia 2 mashambani, yaani Sh12,000 kwa ploti hii, au asilimia 4 ikiwa ndani ya manispaa, Sh24,000. Na ikiwa ploti hulipiwa kodi ya ardhi ya kaunti, adai cheti kwamba hakuna malimbikizo kabla ya kutoa shilingi ya mwisho.