Nyonga Ndiyo Inayoamua: Mafunzo ya Yoga Baada ya Kustaafu

Nilianza yoga nikiwa nimeshastaafu, katika darasa la asubuhi hapa Mombasa. Sikufuata kujinyoosha tu. Niliitaka mikao mikubwa: yungiyungi, tao la mgongo, kusimama kwa kichwa. Najua nawe unaitaka, na mvi si sababu ya kuiacha. Haya ndiyo niliyofunzwa na viungo vyangu.

1. Nyonga huamua, goti hulipa

Katika yungiyungi, ambao Wahindi huuita padmasana, kila unyayo hulala juu ya paja la mguu wa pili. Mguu wangu wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulikataa, na maumivu yakaja ndani ya goti. Mwalimu, kijana wa rika la wanangu, hakuligusa goti. Aliweka kiganja ubavuni mwa nyonga akasema, "Mama, pamefungwa hapa."

Nilishangaa, maana kwenye nyonga sikuhisi chochote. Lakini ndivyo mwili ulivyojengwa. Goti hukunjwa na kukunjuliwa kama bawaba, na kuzunguka kwake ni kidogo mno. Kinachozunguka ni kichwa cha mfupa wa paja ndani ya kikombe cha nyonga. Nyonga ikikwama nawe ukazidi kuuvuta mguu, mzunguko uliobaki huliangukia goti, na gegedu lililo kati ya mifupa hubanwa. Sehemu ya ndani ya gegedu hilo haifikiwi na damu, kwa hiyo likichanika hapo ni vigumu lipone lenyewe.

Tena vikombe hivyo havifanani. Wako watu ambao mifupa yao haitawaruhusu yungiyungi kamili hata wajitahidi miaka mingapi, na hilo si kosa la bidii yao. Mazoea nayo yana sehemu yake. Tulikuwa na mwenzetu wa umri wangu aliyekaa yungiyungi wiki ile ile aliyojiunga. Maisha yake yote amekaa chini kwenye mkeka na kuchutama jikoni, wakati mimi nilikuwa ofisini juu ya kiti.

Tangu hapo kanuni yangu ni moja. Msuli wa tako ukivutika, naendelea polepole, nimelala chali, kifundo cha mguu juu ya paja la pili. Kitu kikichoma ndani ya goti, hata kidogo, mguu naufungua papo hapo.

2. Misuli hutangulia, kano huchelewa

Mwezi mmoja wa Ramadhani nilipunguza mazoezi nikabaki na mikao ya kulala na ya kukaa. Nilitarajia baada ya Idi nianze upya. Badala yake mguu wa kushoto ulipanda juu kuliko ulivyowahi kupanda. Mwalimu hakushangaa hata kidogo: mwili ulikuwa umepata muda wa kupumzika.

Misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache. Kano zinazoishikiza kwenye mfupa hupata damu kidogo, nazo huhitaji miezi, na kadiri umri unavyosogea ndivyo zinavyotaka muda zaidi. Siku ile unapojiona una nguvu za kutosha ndiyo siku ya hatari, kwa sababu msuli uko tayari na kano bado. Kupumzika siku moja kati ya mazoezi mazito ni sehemu ya mazoezi yenyewe.

3. Kiti ni chombo cha wakubwa

B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufundisha Pune hadi uzeeni, ndiye aliyeeneza matumizi ya kamba, matofali ya mbao, mablanketi na viti. Hakuviweka kwa ajili ya wanafunzi dhaifu tu. Yeye mwenyewe aliendelea kuvitumia alipozeeka, hadi alipofariki mwaka 2014. Vanda Scaravelli wa Italia alianza yoga akiwa amepita miaka 40, na akiwa na zaidi ya 80 bado alikunja tao la mgongo.

Mara ya kwanza nilipolala chali juu ya kiti cha chuma, mgongo wa juu, nyuma ya kifua, ndio uliofunguka. Nilipokuwa bila kiti, kiuno kilifanya kazi yote peke yake.

4. Pima kwanza, ndipo ugeuke

Kusimama kwa kichwa huongeza shinikizo ndani ya jicho, hata mara mbili. Mwenye glakoma asiufanye mkao huo, na mwenye presha isiyodhibitiwa asubiri kauli ya daktari. Kina mama tuliokoma hedhi tupimwe mifupa pia, kwani pingili dhaifu zinaweza kuvunjika mtu anapoinama huku mgongo umepinda. Jirani yangu wa mkeka alikatazwa na daktari wa macho. Leo tao lake la mgongo ni zuri kuliko la yeyote kati yetu.

5. Kushuka kuna hesabu yake

Ukiruhusiwa kusimama kwa kichwa, panda ukiwa umeegemea vigasha, shingo isibebe uzito. Pumzi ikianza kukatika, shuka. Usingoje mikono itetemeke. Teremsha miguu ikiwa imekunjwa, kisha ubaki umeinama, paji la uso mkekani, kwa pumzi kadhaa. Presha ya mtu mzima huweza kuporomoka akiinuka ghafla, na wengi huanguka wakati huo, mkao ukiwa umeshakwisha. Kaa kwanza. Simama baadaye, ukiwa karibu na ukuta.