Mungu Anatawala, Mbona Mvua Haiji?

Mchungaji na mwalimu wa Biblia anajibu maswali ambayo waumini wa Kitui na Makueni humletea, hasa Oktoba inapokaribia na kila mtu anatazama angani.

Mchungaji, tulifunga, tukaomba, tukakesha. Misimu mitano mvua ikakosa. Tulikuwa na dhambi gani?

Mama, aliyekuambia ni dhambi yako hakukutendea haki. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kwetu na hata Ethiopia na Somalia. Ni kweli ukame wa siku za Eliya ulikuwa hukumu. Lakini soma vizuri Wafalme wa Kwanza sura ya 17: kijito cha Kerithi, alikofichwa Eliya kwa amri ya Mungu mwenyewe, nacho kilikauka. Nabii mtiifu alikaukiwa na maji sawa na mfalme muasi. Mungu hakumweleza sababu. Alimwonyesha pa kwenda, nyumbani kwa mjane wa Sarepta. Kwa hiyo kuamini kwamba Mungu anatawala si kujua sababu ya kila jambo. Ni kukataa kuamini kwamba ametutupa, hata machozi yakitutoka. Habakuki alimlalamikia Mungu waziwazi, na malalamiko yake yamo katika Maandiko.

Kuweka akiba na kujenga bwawa, si dalili kwamba hatumtegemei Mungu?

Yusufu alijua njaa inakuja kwa sababu Mungu alimfunulia, na ndiyo maana akaweka ghalani sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba. Hakukaa kuisubiri.

Tazameni mito yetu: inajaa kwa saa chache, kisha unabaki mchanga mtupu. Huko Kitui mabwawa ya mchanga yamejengwa kwa mamia, mengi kwa msaada wa shirika la SASOL tangu miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji unakatiza mto, mafuriko yanarundika mchanga nyuma yake, na maji yanakaa humo jua lisipoyafikia. Mawe hubebwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wengi wao akina mama. Ukuta huo hauwezi kuleta hata tone. Unaipokea mvua Mungu anapoileta. Naye mkulima anayefukia ndengu katika udongo mkavu kabla ya wingu la kwanza ameitoa mbegu hiyo mdomoni mwa watoto wake. Usimfundishe huyo imani. Mwombe akufundishe.

Baada ya msiba wa Enziu, tuliambiwa ni mapenzi ya Mungu. Tuseme amina?

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Swali hili linaniumiza. Yesu alipopashwa habari za watu waliouawa, alitaja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18, akakataa kabisa kupima dhambi zao. Na alipokuwa akienda kwenye kaburi la Lazaro alilia, ingawa alijua atakalofanya.

Naamini hakuna aliyetoka mikononi mwa Mungu siku ile. Lakini sentensi hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumnyamazisha mfiwa, wala ya kuacha kudai madaraja salama. Afadhali ukae naye kimya matangani.

Je, Mungu hutimiza kusudi lake hata kazi ikionekana imekufa?

Peter Cameron Scott alianza kazi ya Africa Inland Mission pale Nzaui, Makueni, mwaka 1895. Desemba 1896 alikufa kwa homa, na katika miaka michache wenzake wengi wakafa au wakaondoka. Leo AIC, kanisa lililotokana na kazi hiyo, ina makanisa kote Ukambani. Waliomzika hawakuyaona hayo, nami nisingethubutu kuwaambia siku ile kwamba yote yatakuwa mema.

Nikiomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, niache kutaja ninachotaka?

La. Gethsemane, Yesu alitaja haja yake kwanza, kisha akajikabidhi kwa Baba. Taja karo, taja ng'ombe, taja kisima kilichokauka. Ukimaliza kuomba, kaunti ikiitisha mkutano wa wananchi kuhusu bajeti, nenda ukakitaje kisima hicho huko pia.