Kimeng'enya Kinacholinda Mizani ya Damu

Je, mnajua kuwa damu ina mizani? Kipimo cha asidi yake, yaani pH, hakitakiwi kushuka chini ya 7.35 wala kupita 7.45. Kikitoka hapo kwa mbali, mtu huwa mahututi. Mmoja wa walinzi wa mizani hiyo ni kimeng'enya, kile ambacho darasani tunakiita enzaimu, kwa jina kaboniki anhidrasi.

Kazi yake ni hii. Misuli hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Ndani ya chembe nyekundu za damu, kimeng'enya huiunganisha gesi hiyo na maji, ikawa asidi ya kaboni. Asidi hiyo huachana papo hapo ikawa hidrojeni, inayoleta uchachu, na bikaboneti, inayoupunguza. Damu ikifika mapafuni mambo hugeuka: gesi hurudi ilivyokuwa, nasi tukaitoa kwa pumzi. Bila kimeng'enya kazi hii ingekwenda mwendo wa kobe. Nacho, kimoja tu, kinaweza kugeuza molekuli kama milioni moja kwa sekunde! Figo pia hukitumia kuokoa bikaboneti isipotee mkojoni.

Sasa tuutazame mlima wetu, Kirimaara, yaani Mlima Kenya. Pale Lenana, mita 4,985, kila pumzi huleta oksijeni iliyozidi kidogo tu nusu ya ile aipatayo mtu wa Mombasa. Basi mpandaji hupumua mbio mbio. Kumbe anamwaga kabonidayoksaidi! Asidi hupungua mno, na ubongo unakaza breki za pumzi, hasa usiku. Figo hurekebisha kwa kutoa bikaboneti, lakini huchukua siku kadhaa. Anayekimbilia kileleni hazipi nafasi. Kichwa kinamgonga, anatapika, na mapafu au ubongo ukivimba maji anaweza kufa.

Ndiyo maana madaktari huwapa wapandaji wengine dawa ya asetazolamaidi. Dawa hii hukifunga mikono kimeng'enya kile kile figoni. Bikaboneti hutoka na mkojo, damu huchachuka kidogo, pumzi ikaongezeka. Ajabu, sivyo? Mlinzi tunayemtegemea huku chini, kule juu huzuiwa kidogo ili tupone.

Lakini dawa si hirizi. Anayeumwa kichwa mlimani asipande zaidi, na akizidiwa ateremshwe mara moja.

Basi ewe mwenzangu unayepanga kubebea watalii mizigo njia ya Chogoria likizo ijayo, kumbuka kuwa figo zako hazikimbii. Mwenda pole hajikwai.