Namna ya Kupanga Siku ya Kwanza ya Safari ya Huduma ya Vijana: Mfano wa Rwambuzi, Bunia

Safari ya huduma, yaani safari ambayo vijana wa parokia, wa kanisa au wa chama hutoka kwao kwenda kufanya kazi ya kujitolea kwa wengine, hujengwa au hubomolewa siku ya kwanza, kwa kuwa ndiyo siku ambayo wenyeji hupima kama wageni wamekuja kushirikiana nao au kuwaamuru. Mjini Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri, kipimo hicho kina uzito wa pekee kwa sababu ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi ambayo utawala wa Rais Mobutu uliifanya kuwa ya lazima katika miaka ya 1970. Kwa hiyo kikundi kinachotoka kartiye ya Rwambuzi kwenda, kwa mfano, kambi ya Kigonze, wanakoishi wakimbizi wa ndani waliokimbia vita hasa kutoka eneo la Djugu, hakina budi kuipanga siku hiyo ili wenyeji wenyewe ndio waitaje kazi.

Hatua ya kwanza ni kubisha hodi kwa wenye mamlaka. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, ambayo ilikabidhi uongozi wa mkoa kwa maofisa wa jeshi na polisi, na katika mazingira kama hayo msafara wa vijana usiojulikana hutiliwa shaka upesi. Barua yenye majina yote, saa ya kuwasili na saa ya kuondoka itangulie kufika kwa mkuu wa kartiye na kwa kamati ya kambi, na mlezi wa kikundi ahakikishe kwamba hakuna kijana aliyevaa nguo zenye rangi za kijeshi.

Hatua ya pili ni kusikiliza kabla ya kushika jembe. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, timu zilizofika kwa magari bila kueleza shabaha yao zilipingwa mahali pengi, hata zilipoleta msaada wa kweli. Vijana wakae na kamati, akina mama wakiwemo, waulize ni nini kinachowasumbua zaidi, kisha wanyamaze. Viwango vya kimataifa vya misaada, ambavyo hutaka lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, vinaweza kuwasaidia kuuliza maswali yenye maana, lakini visigeuzwe fimbo ya kuwakosoa wenyeji.

Hatua ya tatu ni kazi moja ndogo inayoweza kumalizika siku hiyohiyo. Iwapo kamati imechagua mfereji wa maji ya mvua, kazi ianze asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, na uchimbaji uanzie chini, mahali maji yanapomwagikia, ukipanda kuelekea juu, kwani anayeanzia juu hujikuta amesimama kwenye tope mvua ikimkuta kabla hajamaliza. Majembe na mabeleshi ya kikundi yafungwe uzi wa rangi moja kwenye mpini, ili yasichanganyike na yale ya wenyeji na kuzua ugomvi jioni. Ndoo yenye robine, iliyojazwa maji ya klorini ya asilimia 0.05, kiasi kinachofaa kunawia mikono, iwekwe karibu na wachimbaji, na chakula cha vijana kisiliwe mbele ya watoto wasio na cha kula.

Siku ifungwe kwa tathmini fupi, yaani kikao ambacho wenyeji husema kwanza na vijana hufuata, na humo kazi ya kesho ipangwe na achaguliwe mtu wa kambi wa kuisimamia. Mlezi anayetaka kujua kama siku ilikwenda vizuri asihesabu mita za mfereji. Aangalie kama msimamizi huyo amekwisha kuanza kuwagawia vijana zamu.